Elisha Alibadilisha Chungu

Ujumbe wa wiki kutoka kwa Mchungaji Msaidizi
Andiko la kusoma nyumbani: 2 Wafalme 4:38–41



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinisimamisha pale mlangoni akaniuliza: "Pasta, sisi tunahubiri kwamba Yesu anaponya. Sasa mbona binti yako hali chapati zetu?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameshika sahani, amemwekea mtoto chapati mbili za moto, na mtoto amekataa kwa adabu. Nilimjibu haraka haraka kwa sababu watu walikuwa wengi. Lakini swali lile halikuniacha. Leo nalijibu kwa urefu, na mtaona kwamba sehemu ya jibu ni toba yangu mwenyewe.

Binti yetu ana ugonjwa unaoitwa seliaki. Wengi hamjausikia, na hata mimi na mama yake tulikuwa hatujausikia. Alipokuwa na miaka 7, watoto wa rika lake hapa Chaani walianza kumpita kimo mmoja baada ya mwingine. Tumbo limejaa, mikono myembamba. Anaharisha wiki mbili, anapata nafuu wiki moja, anarudia. Kila akipimwa damu iko chini, na dawa za kuongeza damu anameza lakini haipandi. Tulimpa dawa ya minyoo, ya amiba, ya taifodi. Jirani akasema ni jicho la mtu. Tulifunga na kuomba, na sijutii hata siku moja ya kufunga. Mwishowe daktari mmoja wa watoto aliagiza kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili fulani, halafu mtoto akaingizwa mpira mwembamba wenye kamera mpaka kwenye utumbo, vikachukuliwa vipande vidogo vikatazamwa kwa hadubini. Ndipo tukaambiwa kinachomuumiza ni ngano.

Nieleze kwa lugha ya nyumbani. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike unapokanda. Unga wa sima hauna, ndiyo maana hauvutiki. Kwa mtu mwenye seliaki, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili inakosea na kuupiga utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mna vinyweleo vidogo kama vya zulia, ndivyo vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo vikilala, mtoto anaweza kumaliza sahani nzima na mwili ukabaki na njaa. Huu si mzio wa kujikuna ukaisha jioni, wala si kuchagua chakula. Kwa sehemu ni ugonjwa wa kurithi, kwa hiyo ndugu wa damu nao wanafaa wapimwe. Kwa sasa hauna kidonge. Dawa yake ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote, na ikiachwa utumbo wa mtoto hujijenga upya na mwili ukaanza kushika.

Usiseme haya ni magonjwa ya Wazungu. Mwaka 1999 jarida la tiba The Lancet lilitoa utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kisahrawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi nchini Algeria. Karibu watoto 6 katika kila 100 walikutwa na seliaki, ilhali makadirio ya dunia ni kama mtu 1 katika 100. Watu hao zamani waliishi zaidi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Siku hizi mkate wa ngano ndio chakula chao kikuu. Kwetu ni wachache wanaopimwa, manake dalili zake zinafanana na za minyoo na utapiamlo tuliouzoea. Na neno moja kwa mzazi anayesoma haya akimfikiria mtoto wake: usimwondolee ngano kabla ya kumpeleka hospitali. Akiwa ameiacha, kipimo kinaweza kukosa kuuona ugonjwa. Mpeleke kwanza.

Kama mjuavyo, mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma. Tuliporudi nyumbani siku ile nilifungua daftari nikapiga hesabu. Nilikwenda duka kubwa mjini nikakuta mkate mdogo usio na gluteni, umetoka ng'ambo, bei yake mara kadhaa ya mkate wa kawaida. Nikazidisha kwa siku 30. Nikafunga daftari. Nyanya yake alikuja kutoka Kaloleni, akanikuta nimeshika kichwa, akacheka: "Kwani sisi tulikula mkate lini?"

Alinifungua macho. Sima ya mahindi, mtama, wimbi, mihogo ya nazi, viazi vitamu, wali, mbaazi, kunde, samaki, ndizi, mchicha: vyote hivyo vyenyewe havina gluteni. Ukitaka vya kunywea chai, kuna vitumbua na mkate wa kumimina, vyote vya unga wa mchele. Mungu alikuwa ameshamwandalia mtoto huyu meza hapa Pwani kabla hajazaliwa. Chakula si ghali. Gharama iko mahali ambapo daftari langu halikuwa na safu yake.

Iko kwenye mashine ya kusaga, ambapo mahindi yako yanapitia pale pale ilipopita ngano ya mtu mwingine. Iko kwenye mafuta ya kibandani, ambamo chipsi zinakaangwa baada ya viazi karai vilivyopakwa unga wa ngano. Iko kwenye mwiko uliotoka kwenye sufuria moja ukaingia nyingine, kwenye soseji, kwenye sosi ya soya, kwenye kinywaji cha kimea cha shayiri. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni miligramu zisizozidi 20 katika kilo nzima. Kilo moja ni miligramu milioni moja, na kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni zaidi ya gramu nzima. Kwa hiyo mtu akikuambia "kidogo tu hakidhuru", hesabu inamkataa.

Gharama iko pia moyoni mwa mtoto, ambaye kila arusi, kila matanga, kila sherehe ya siku ya kuzaliwa, ni yeye wa kukataa.

Sasa nifike kwenye toba.

Miaka miwili baada ya kuacha ngano, binti yetu alikuwa mtoto mwingine. Amerefuka, mashavu yamejaa, anakimbia. Mimi nikaona utukufu. Usiku wa kesha la kufunga mwaka nilisimama mbele yenu, wengine mnakumbuka, nikatangaza kwamba Mungu amemponya kabisa. Mkapiga makofi na vigelegele. Asubuhi yake kulikuwa na chai hapa kanisani, na mbele ya watu nikampa hamri kwa mkono wangu. Akala. Watu wakamshukuru Mungu. Tangu siku ile akawa anakula kila kitu kama watoto wengine.

Wiki ya sita mama yake aliamka usiku akasikia maji uani. Alimkuta mtoto wa miaka 9 amechuchumaa gizani, anafua nguo zake za ndani ili zisionekane asubuhi. Alikuwa anaharisha karibu tangu siku za mwanzo. Mama akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Baba alishasema kanisani."

Wapendwa, nimehubiri mara nyingi juu ya imani, lakini sijapata mahubiri yaliyonipiga kama maneno yale matatu. Mtoto alikuwa amebeba ushuhuda wangu ndani ya tumbo lake. Alichagua kuumwa kuliko kuniaibisha. Kipimo cha damu kilithibitisha alichokuwa anaficha. Nyumba ambayo mtoto hawezi kusema "naumwa" bila kuvunja imani ya baba yake, hiyo si nyumba ya imani. Ni nyumba ya sifa za baba.

Baadaye nilisoma kwamba sikuwa wa kwanza kukosea hivi. Mwaka 1924 daktari mmoja wa watoto mjini New York, Sidney Haas, aliwatibu watoto wenye seliaki kwa ndizi. Wakapata nafuu kweli, na sifa zikaenea. Lakini aliamini ndizi ndizo zilizoponya, na kwamba mtoto akishapona anaweza kurudia mkate. Kumbe nafuu haikutoka kwenye kile walichokula, bali kwenye kile walichoacha. Waliporudia ngano, ugonjwa ulirudi. Jambo lilikuja kueleweka huko Uholanzi. Daktari Willem Dicke alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945 mkate uliadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua, na watoto wake wa seliaki, katikati ya njaa ile, wakawa na nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake na wengine wakathibitisha. Haas alikuwa na mapenzi mema na matokeo mazuri, na bado alikosea kwa sababu hakuuliza ni nini hasa kilichofanya kazi. Mimi pia nilikuwa na matokeo mazuri. Mungu alikuwa amejibu maombi yetu kwa kutupa daktari, nyanya na mihogo, nami nikalitupa jibu lake nikitafuta jibu lenye kelele zaidi.

Ndipo nikarudi kwenye andiko letu la leo. Kulikuwa na njaa Gilgali. Elisha akaagiza chungu kikubwa kiwekwe motoni kwa ajili ya wana wa manabii. Mmoja wao akaenda shambani, akakuta matango ya mwituni, akajaza nguo yake, akaja akayakatia chunguni bila kuyajua. Tazameni vizuri: mtu yule hakuwa mchawi. Alikuwa mtu mwema mwenye bidii, katika siku za njaa, anayetaka wenzake washibe. Mauti iliingia chunguni kwa mkono wa mtu mwema asiyejua.

Walipoonja wakapiga kelele kwamba kuna mauti chunguni. Na hapa ndipo naomba tutulie. Elisha hakuwakemea kwa kukosa imani. Hakusema kuleni tu, mtumishi wa Mungu ameshabariki. Hakumwambia yeyote avumilie ili mpishi asiaibike. Aliamini kelele zao. Akaagiza unga, akautia chunguni, na ni baada ya hapo tu ndipo akasema wapewe watu wale. Muujiza ulikuwepo, sikatai. Lakini muujiza ulifanyika kwenye chungu. Elisha hakuwabadilisha walaji ili waiweze sumu. Alibadilisha chungu ili walaji waishi.

Hilo ndilo jibu langu kwa mama yule. Naamini Mungu anaweza kumponya binti yangu kabisa. Siku hiyo ikija, madaktari watapima na kipimo kitasema, kama vile Yesu alivyowatuma wale wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani. Muujiza wa kweli hauogopi kuangaliwa. Lakini mpaka siku hiyo, kumwekea ngano kwenye sahani si imani. Ni kumwomba mtoto alipe deni la ushuhuda ambao mimi ndiye niliyeukopa.

Najua kuna swali la pili, hata kama hamkuliuliza kwa sauti. Je, ni haki watu wengi wabadilishe meza kwa sababu ya mtoto mmoja? Swali hili ni la halali na tulilikuta nyumbani kwanza. Binti yetu ana mdogo wake wa kiume, na kijana huyo anapenda chapati kuliko mimi ninavyopenda mshahara. Mwanzoni tulipiga marufuku ngano nyumba nzima. Baada ya miezi michache nikamsikia akimwambia dada yake, "Kwa sababu yako." Nikaona tumeanza kumlea mmoja kwa kumfundisha mwingine chuki.

Tulichofikia ni hiki. Chakula cha pamoja cha jioni ni kile ambacho wote wanaweza kula, bila ubaguzi wa sahani. Hapo hakuna mjadala, kwa sababu familia inakuwa familia mezani. Chapati ya kijana ina siku yake, ina kikaango chake, kibao chake na kona yake, na akimaliza anapangusa meza na kunawa mikono. Haki si kila mtu kula kitu kile kile. Hata ile mana jangwani, kila mtu aliokota kwa kadiri ya ulaji wake, wala hakuna aliyepungukiwa. Haki ni kwamba hakuna anayeshiba kwa gharama ya mwingine kuugua, na hakuna anayelindwa kwa gharama ya mwingine kudharauliwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yuko tayari kuacha nyama daima kuliko chakula chake kimkwaze ndugu yake. Angalieni kwamba aliyejitolea kuacha ni yule mwenye nguvu. Hakumwagiza aliye dhaifu ajikaze.

Sisi watu wa Pwani tunapenda kwa chakula. Mgeni akikataa tunamsihi, mtoto akikataa tunamsukumia: onja kidogo tu, usinivunje moyo. Ni desturi nzuri na siombi iishe. Lakini tujiulize, ninapomsukumia mtu chakula ambacho amesema kinamuumiza, ninamshibisha yeye au ninashibisha moyo wangu? Upendo unaanza kwa kumwamini mtu anapokuambia habari za mwili wake mwenyewe, hata kama mtu huyo ana miaka 9.

Na anapofika miaka 13, kama binti yetu sasa, mambo yanakuwa mapya. Wazazi wa vijana mnanielewa. Zamani mlinzi nilikuwa mimi. Sasa anatoka shule na wenzake, wanasimama kwenye viazi karai, na mimi sipo. Naweza kumchunguza kama askari wa forodha, nifungue begi, ninuse vidole. Nilijaribu. Nilichopata ni mtoto anayejua kuficha, na tulishaona kuficha kunatupeleka wapi. Siku hizi simuulizi tena, "Umekula nini?" kwa sauti ya kesi. Namuuliza, "Tumbo likoje?" Na nimemuahidi kwamba akiteleza, akaja akaniambia, hatapata kelele. Ameteleza mara mbili. Mara zote mbili aliniambia mwenyewe, jioni ile ile. Kwangu huo ndio ushuhuda, ingawa hauna vigelegele. Mwaka huu alisimama mwenyewe akawaeleza marafiki zake darasani kuhusu ugonjwa wake, na mmoja wao sasa humbebea mihogo ya kukaanga kutoka kwao. Mwili ni wake. Ataishi nao nikiwa sipo. Kazi yangu ni kumkabidhi ulinzi wake kidogo kidogo, huku akijua mlango wa kurudi uko wazi.

Mwisho, niwaletee jambo la kanisa. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tunashiriki Meza ya Bwana. Kwa muda mrefu binti yangu amepokea kikombe tu na kuupitisha mkate kwa jirani. Hakulalamika, na mimi sikuliona kuwa ni jambo mpaka aliponiuliza kama mkate ule ni wa wakubwa peke yao. Sisi hatuna sheria inayodai mkate wa Meza uwe wa ngano. Nimewaomba wazee turidhie kutumia mkate wa unga wa mchele kwa wote. Sipendi awekewe kipande chake pembeni, kwa maana tukila mkate tofauti kwenye Meza inayotangaza umoja, tunasema jambo moja kwa mdomo na jingine kwa sinia. Nimepiga hesabu: mchele usagwe kwenye mashine safi, sinia moja, kilo moja inatutosha sote. Kama kuna mtu ana sababu ya kupinga, aje tuzungumze, mlango uko wazi.

Katika Biblia yetu ya zamani, ile ya Union, Sala ya Bwana haituambii tuombe mkate wa kila siku. Waliotafsiri waliandika riziki. Waliwajua watu wa hapa. Riziki ya mmoja ni chapati, ya mwingine ni muhogo, na anayegawa ni mmoja.

Yule mama wa mlangoni alikuja nyumbani Jumatano na sufuria ya mbaazi za nazi. Kabla ya kukaa aliita kutoka mlangoni: "Mbaazi ni salama, lakini mwiko nilikuwa nimekorogea unga jana. Nimeuosha. Unatosha, au niutupe?" Binti yangu akamjibu kwamba wa mbao ni afadhali asiutumie. Mama akauweka kando, tukampa kijiko, tukala.

Bwana awabariki, na wiki njema.